Uteuzi wa atomu kwa skripti: Lugha inayoamua picha ya molekuli itaonyesha nini

HIMOGLOBINI, protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu, imeundwa kwa minyororo minne yenye jumla ya asidi amino 574 na maelfu ya atomu. Kati ya asidi amino hizo zote, ni mbili tu zinazobadilika kwa mtu anayeugua selimundu iliyo ya kawaida zaidi, moja katika kila mnyororo wa beta. Mwalimu au mtafiti anayetaka kuionyesha tofauti hiyo kwenye tarakilishi hana budi kuiambia programu, bila utata wowote, ni atomu zipi anazozihitaji miongoni mwa maelfu hayo.

Kazi hiyo huitwa uteuzi. Maagizo ya uteuzi yanapoandikwa mstari kwa mstari katika faili ili programu iyasome yenyewe na kuyatekeleza kwa mfuatano, faili hilo huitwa skripti. Kila kinachofanyiwa molekuli baadaye, iwe ni kupakwa rangi, kupimwa umbali, kufichwa au kukuzwa, hufanyiwa zile atomu zilizoteuliwa pekee.

Hapo ndipo penye hatari. Programu hutii kila amri iliyoandikwa kwa sarufi yake, hata pale amri hiyo inapouliza swali ambalo mwandishi hakulikusudia. Picha hutokea, nzuri na yenye kung'aa, na mtazamaji hana njia ya kujua kwamba kilichopakwa rangi nyekundu si kile kilichoandikwa chini ya picha. Kwa sababu hiyo, anayejifunza programu hizi hufaidika zaidi akiijua lugha ya uteuzi kabla ya mbinu za kupamba picha.

Kilichomo ndani ya faili

Maumbo ya protini yanayojulikana huhifadhiwa katika Benki ya Data za Protini, inayofahamika kwa kifupi kama PDB. Benki hiyo ilianzishwa mwaka wa 1971 katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, Marekani, ikiwa na maumbo 7 pekee. Kufikia Januari 2023 ilikuwa imepita maumbo 200,000, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuyachukua bila malipo.

Kila umbo hupewa kitambulisho. Himoglobini ya kawaida ya binadamu isiyobeba oksijeni, mathalani, ina kitambulisho 4HHB, nayo himoglobini ya selimundu ina kitambulisho 2HBS.

Faili lenyewe ni maandishi matupu. Kila atomu ina mstari wake, na katika mstari huo mna nambari ya atomu, jina lake, jina la asidi amino inamopatikana, herufi ya mnyororo, nambari ya asidi amino katika mnyororo huo, na vipimo vitatu vinavyoonyesha mahali atomu ilipo. Mwishoni huwa na nambari inayoeleza kiasi ambacho atomu inayumbayumba, na alama ya elementi.

Uteuzi wowote, hata uwe mrefu namna gani, ni swali linaloulizwa juu ya safu hizo. "Chain B" huuliza ni mistari ipi yenye herufi B mahali pa mnyororo. "Resi 6" huuliza ni ipi yenye nambari 6 mahali pa asidi amino. "Resn VAL" huuliza ni ipi yenye jina la valini. "Elem Fe" huuliza ni atomu zipi za chuma. Programu hupitia mistari yote na kuweka alama kwa kila atomu inayolitimiza sharti.

Aina ya pili ya maswali hutegemea umbali. Mtumiaji anaweza kuuliza ni atomu zipi zilizo ndani ya angstromu 4 kutoka kwa atomu fulani. Angstromu moja ni sehemu moja kati ya bilioni 10 za mita, na angstromu 4 ni takriban umbali ambao atomu mbili zisizofungamana huhesabiwa kuwa zinagusana. Maswali ya aina hii ndiyo yenye thamani kubwa zaidi kwa mtafiti, kwani jibu lake halijaandikwa popote katika faili. Ni lazima likokotolewe.

Chimbuko la lugha hii

Programu iliyoieneza lugha ya uteuzi duniani ni RasMol, iliyoandikwa na Roger Sayle na kutolewa bure mapema katika miaka ya 1990. Wakati huo picha za molekuli zilihitaji mitambo ya bei ghali. RasMol iliweza kufanya kazi kwenye tarakilishi za kawaida, jambo lililoifikisha katika shule na vyuo ambavyo visingeweza kamwe kununua mitambo hiyo.

Programu ya Jmol, iliyofuata, ilirithi sehemu kubwa ya amri za RasMol na kuzipeleka ndani ya kurasa za wavuti. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kundi lililoongozwa na Klaus Schulten liliunda VMD, ambayo hutumiwa hasa na wanaochunguza mwendo wa molekuli. Mwaka wa 2000 Warren DeLano alitoa PyMOL, programu iliyofungamanishwa na lugha ya Python. DeLano aliaga dunia mwaka wa 2009, na tangu 2010 programu hiyo imekuwa chini ya kampuni ya Schrödinger, ingawa msimbo wake ulio wazi ungali unapatikana. Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco nacho kilitoa Chimera, na baadaye ChimeraX.

Programu hizi huuliza maswali yale yale kwa lahaja tofauti. Asidi amino ya sita katika mnyororo wa B huandikwa hivi katika PyMOL:

select sita, chain B and resi 6

Katika VMD huandikwa "chain B and resid 6". Katika RasMol na Jmol huandikwa "select 6:B". Katika ChimeraX huandikwa "select /B:6". Aliyeielewa mantiki katika programu moja huhitaji muda mfupi tu kuizoea nyingine. Hata hivyo, kama ilivyo kwa lahaja zozote, yapo maneno yanayofanana sura huku yakitofautiana maana, nayo yataelezwa hapa chini.

"Na", "au" na "si"

Masharti huunganishwa kwa maneno matatu: "and", "or" na "not". Maana zake ni za hisabati, wala hazifuati mazoea ya mazungumzo.

Katika Kiswahili, mwalimu akimwambia mwanafunzi, "Niletee vitabu vya Asha na vya Juma," mwanafunzi huleta vitabu vya wote wawili. Tarakilishi ingetafuta vitabu ambavyo kila kimoja ni cha Asha na papo hapo ni cha Juma, na ingerudi mikono mitupu. Vivyo hivyo, amri "chain B and chain D" haileti kitu, kwa kuwa hakuna atomu iliyo katika minyororo miwili kwa wakati mmoja. Anayetaka minyororo yote miwili huandika "chain B or chain D", au kwa ufupi katika PyMOL, "chain B+D".

Kosa hili ndilo linalowapata wanagenzi wengi zaidi, na ubaya wake ni kwamba halitangazwi kama kosa. PyMOL hueleza tu kwamba idadi ya atomu ni 0, kisha huendelea na amri inayofuata. Katika skripti yenye mistari 50, taarifa hiyo hupita bila kuonekana.

Mtego wa pili ni utangulizi wa maneno. Kwa kawaida "and" hutekelezwa kabla ya "or", kama kuzidisha kunavyotangulia kujumlisha. Mtu akiandika "chain B or chain D and resi 6" akitarajia asidi amino mbili, atapata mnyororo mzima wa B wenye asidi amino 146, pamoja na ile moja ya sita kutoka mnyororo wa D. Mabano huondoa utata huu. Njia nyingine iliyo rahisi kusomeka ni kukigawa kila kipengele cha swali katika hatua yake na kuipa jina.

Neno "not" nalo huhitaji tahadhari. "Not chain B" haimaanishi minyororo mingine ya protini pekee. Humaanisha kila kitu kingine kilichofunguliwa: maji, chumvi, viini vya himu, hata molekuli nyingine kabisa iliyofunguliwa kando kwa ajili ya kulinganisha. Ndiyo maana mtumiaji mzoefu huanza amri yake kwa kutaja jina la molekuli na neno "polymer", linalobakisha minyororo yenyewe na kuacha maji na vijalizo.

Mfano wa selimundu

Ugonjwa wa selimundu unafaa kuwa mfano kwa sababu una historia ndefu katika sayansi ya molekuli, na sehemu ya historia hiyo ni ya Kenya. Mwaka wa 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa ni tofauti na ya watu wengine, wakauita ugonjwa wa molekuli. Mwaka huo huo Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alishiriki katika msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford nchini humu. Katika kupima damu aligundua kwamba wenye chembe ya urithi ya selimundu walikuwa wengi katika Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache katika nyanda za juu. Mwaka wa 1954 alichapisha ushahidi kwamba anayerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria.

Miaka miwili baadaye, 1956, Vernon Ingram alionyesha kwamba tofauti yote iko katika kipande kimoja kidogo cha protini hiyo. Asidi amino ya sita katika mnyororo wa beta, ambayo kwa kawaida ni glutamati yenye chaji na inayopenda maji, huwa valini, inayoyakwepa maji. Mwaka wa 1962 Max Perutz, aliyelichora umbo la himoglobini kwa mionzi ya eksirei, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na John Kendrew.

Swali la skripti ni hili: valini hiyo hugusa nini? Faili la 2HBS, lililotokana na fuwele iliyochunguzwa na Daniel Harrington, Kazuhiko Adachi na William Royer na kuchapishwa mwaka wa 1997, lina himoglobini mbili kamili zilizolala pamoja. Minyororo ni minane, A hadi H, ambapo B, D, F na H ni ya beta. Hatua ya kwanza katika PyMOL ni kuzitaja valini:

select waline, chain B+D+F+H and resi 6 and resn VAL

Jina "waline" ni la mtumiaji mwenyewe, na programu haijali ni la lugha gani. Kipengele cha mwisho, "resn VAL", kinaweza kuonekana kuwa ziada, maana nambari imekwisha kutajwa. Kazi yake ni ulinzi. Iwapo nambari imekosewa, uteuzi utakuja mtupu badala ya kuleta asidi amino nyingine kimyakimya.

Hatua ya pili ni kuhesabu. Valini moja iliyo ndani ya mnyororo ina atomu 7 bila kuhesabu hidrojeni, ambazo kwa kawaida hazionekani katika fuwele za aina hii. Valini nne zinapaswa kuwa na atomu 28. Amri "count_atoms waline" hutoa idadi, na ikiwa si 28, mwandishi husimama hapo na kutafuta sababu kabla ya kupaka rangi yoyote.

Hatua ya tatu ni swali lenyewe, linaloulizwa kwa kila mnyororo peke yake. Kwa mnyororo wa H, kwa mfano:

select valH, chain H and resi 6 and resn VAL

select jirani, byres polymer within 4 of valH

select mgeni, jirani and not chain H

Mstari wa kwanza huteua valini moja. Wa pili huteua kila asidi amino yenye walau atomu moja iliyo ndani ya angstromu 4 kutoka kwa valini hiyo. Neno "byres" ndilo linalofanya asidi amino nzima ichukuliwe. Bila neno hilo, picha ingeonyesha vipande vya atomu vilivyokatika vikielea hewani. Mstari wa tatu huwaondoa majirani wa mnyororo ule ule, na kubakisha wale waliotoka kwingine.

Mistari hiyo mitatu inaweza kurudiwa kwa herufi B, D na F. Katika Python hilo hufanywa kwa kitanzi kimoja kinachobadilisha herufi kila kinapozunguka, na hapo ndipo skripti inapoanza kumlipa mwandishi wake. Matokeo hayafanani kwa minyororo yote. Katika kila himoglobini ya selimundu, ni valini moja tu kati ya mbili inayoshiriki katika mshikamano wa ubavuni. Hiyo hujichomeka katika kishimo kilicho kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini jirani, ambamo mna fenilalanini nambari 85 na lusini nambari 88, zote mbili zikiwa zenye kuyakwepa maji.

Mshikamano huo ukirudiwa mara nyingi huunda nyuzi ndefu zinazoilazimisha seli nyekundu kuchukua umbo la mundu. Mwanafunzi aliyeandika mistari ile mitatu hakuambiwa majina hayo mawili. Ameyapata mwenyewe kutokana na vipimo vya faili.

Nambari zinazopotosha

Mtego mkubwa kuliko yote katika mfano huu ni wa nambari. Seli inapoanza kuunda mnyororo wa beta, asidi amino ya kwanza huwa methionini, ambayo baadaye huondolewa. Wanakemia waliohesabu protini iliyokomaa waliipa glutamati husika nambari 6. Wanajenetiki wa leo huhesabu kuanzia methionini, hivyo badiliko lile lile huliandika kwa nambari 7.

Mtu anayesoma ripoti ya jenetiki na kuipeleka nambari 7 katika faili la 4HHB hatapata onyo lolote. Katika protini iliyokomaa, asidi amino ya saba nayo ni glutamati. Jina litalingana, hesabu ya atomu italingana, na picha itaonyesha mahali pasipo penyewe. Ni katika 2HBS pekee, ambapo ya sita ni valini na ya saba ni glutamati, ndipo ulinzi wa "resn VAL" utalifichua kosa.

Kinyume chake hutokea katika maumbo yaliyobashiriwa na programu ya AlphaFold, ambayo hufuata hesabu inayoanza na methionini. Humo nambari 6 ni prolini, na glutamati inayotafutwa iko katika nambari 7. Skripti iliyofanya kazi vyema kwa faili la fuwele hupotea njia katika faili la ubashiri wa protini ile ile.

AlphaFold, iliyowapatia Demis Hassabis na John Jumper sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 2024, imeleta mtego mwingine pia. Katika fuwele, safu iitwayo "b" hueleza kuyumbayumba kwa atomu, na thamani ndogo ni dalili ya utulivu. Katika faili za AlphaFold, safu hiyo hiyo hubeba kiwango cha uhakika wa ubashiri, kutoka 0 hadi 100. Amri "b < 50" itateua sehemu thabiti katika faili la kwanza, na sehemu zisizofaa kuaminiwa katika la pili.

Mitego mingine

Jina "CA" katika faili la PDB humaanisha kaboni ya alfa, ambayo imo katika kila asidi amino. Ayoni ya kalsiamu nayo huandikwa CA. Katika protini zinazobeba kalsiamu, amri "name CA" huzichanganya zote mbili. Kuongeza "elem C" hutenganisha kaboni na kalsiamu.

Umbali nao una mtego wake katika RasMol. Programu hiyo husoma nambari isiyo na nukta ya desimali kwa kipimo chake yenyewe, ambacho 250 zake ndizo hufanya angstromu moja. Anayeandika 5 badala ya 5.0 atakuwa ameomba majirani walio ndani ya sehemu ya 50 ya angstromu moja, mahali ambapo atomu nyingine haiwezi kuwepo. Atahitimisha kwamba hakuna kinachogusana na chochote.

Katika VMD, "resid" ni nambari iliyoandikwa katika faili, ilhali "residue" ni hesabu ya ndani ya programu inayoanzia 0. Maneno hayo mawili yanakaribiana mno, na majibu yake huachana mbali. Isitoshe, katika filamu ya mwendo wa molekuli, VMD haisasishi uteuzi wa umbali kwa kila picha hadi mtumiaji aagize hivyo. Maji yaliyokuwa karibu mwanzoni yatabaki yamewekewa alama hata baada ya kuhama.

Yapo pia mafaili yasiyo na molekuli kamili. 1HHO, himoglobini iliyobeba oksijeni, ina minyororo miwili tu, A na B. Nusu ya pili hupatikana kwa kuizalisha kwa ulinganifu wa fuwele. Anayeuliza ni wapi minyororo inapogusana bila kuizalisha nusu hiyo atapata jibu pungufu, ingawa kila neno la amri yake ni sahihi.

Kuteua kwa kemia

Uteuzi ulio bora zaidi mara nyingi ni ule usiotegemea nambari hata kidogo. Kila himoglobini ina viini vinne vya himu, na kila kiini kina atomu moja ya chuma iliyoshikwa na histidini. Mtu anayetaka histidini hizo katika 4HHB anaweza kukariri kwamba ni nambari 87 katika minyororo ya alfa na 92 katika ya beta. Anaweza pia kuuliza hivi:

select nguzo, resn HIS and name NE2 within 2.5 of elem Fe

Amri hiyo hutafuta naitrojeni ya histidini iliyo karibu na chuma kiasi cha kufungamana nacho. Jibu linalotarajiwa ni atomu 4, moja kwa kila kiini. Amri hiyo haitikiswi na mabadiliko ya hesabu, na inaweza kupelekwa katika himoglobini ya mnyama mwingine bila kuguswa.

Njia hii pia hufaa katika kuchunguza dawa. Voxelotor, dawa ya selimundu iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2019 kabla ya kampuni ya Pfizer kuiondoa sokoni Septemba 2024, hujishikiza kwenye mwanzo wa mnyororo wa alfa. Anayetumia neno "organic" kuiteua katika umbo lililo nayo hupata pia viini vya himu, hivyo hana budi kuandika "organic and not resn HEM". Akishafanya hivyo na kuuliza majirani wa dawa, huona kwamba valini ya sita ya beta haimo miongoni mwao. Dawa hiyo haikukiziba kile kishimo. Iliifanya himoglobini iishike oksijeni kwa nguvu zaidi, kwa kuwa himoglobini yenye oksijeni haiundi nyuzi.

Faida ya kuandika

Uteuzi unaweza pia kufanywa kwa kubofya kipanya, na kwa anayetazama tu hilo linatosha. Hata hivyo, kubofya hakuachi kumbukumbu. Mwezi mmoja baadaye, hakuna awezaye kusema ni atomu zipi hasa zilizopakwa rangi, wala ni umbali gani uliotumika. Skripti huyaweka yote wazi. Mwenzake mwandishi aliye Kisumu, Mombasa au ng'ambo anaweza kuiendesha na kupata picha ile ile, na anaweza kuipinga kwa kutaja mstari wenye kasoro.

Kwa shule na vyuo vyenye bajeti ndogo, gharama si kikwazo kikubwa. Jmol na toleo la wazi la PyMOL hupatikana bure, VMD na ChimeraX hutolewa bure kwa matumizi ya kielimu, na skripti zenyewe ni maandishi mepesi yanayoweza kutumwa hata kwa simu.

Mazoea machache huwalinda wanaozianza kazi hizi. Kila uteuzi upewe jina. Jina la asidi amino liandikwe pamoja na nambari yake. Idadi ya atomu ikadiriwe kwanza kwa kalamu, kisha ilinganishwe na ile inayotolewa na programu: 7 kwa valini, 9 kwa glutamati, 43 kwa kiini cha himu. Maelezo ya faili yasomwe ili kujua hesabu ilianzia wapi na kama molekuli ni kamili.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kwa tarakilishi, iliyo na jibu kwa kila swali lililopangwa kisarufi, mzigo wote humwangukia muulizaji. Atomu 28 zikitokea pale zilipotarajiwa 28, anaweza kuendelea na kazi. Zikitokea 36, ambazo ni atomu za glutamati nne, ajue kwamba amefungua himoglobini isiyo ya mgonjwa au amehesabu kutoka mahali pasipofaa, na picha isubiri.